Risala kwa Mheshimiwa Burgumesta (mkuu wa komini), Siku ya Mazingira, komini ya Katuba, Lubumbashi

Mheshimiwa Burgumesta, Mgeni wetu Rasmi,
Mabwana mashefu wa kartie (mitaa) na wa avenyu (barabara),
Bwana Mkuu wa shule na walimu wote,
Mama wa soko, wazazi, vijana, wanafunzi,

Jambo kwenu nyote, na karibuni katika uwanja huu.

Leo ni tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, nayo imetuangukia vizuri. Mvua zimekwisha, na hazitarudi kabla ya Oktoba au Novemba. Miezi hii ya kiangazi, kipwa kama tunavyosema huku, ndiyo miezi ya kazi. Mfereji utakaofurika Desemba unazibuliwa sasa, na mboji ya kupandia lengalenga (mchicha) wakati wa masika inaanza kupangwa wiki hii. Anayengoja mvua inyeshe ndipo aanze usafi amekwisha kuchelewa miezi minne.

Mheshimiwa, tuanze na ndoo ya takataka ya jikoni. Ukiimwaga juu ya gunia na kuichambua, utakuta maganda ya viazi na ndizi, vijiti vya sombe (majani ya muhogo), magunzi ya mahindi, majivu ya mbabula (jiko la makala, yaani mkaa), mchanga uliofagiliwa uani, na sashe (vifuko vya plastiki). Sehemu kubwa ni vitu vya kuoza au vya kurudi udongoni. Vinageuka takataka pale tunapovichanganya. Sashe iliyojaa maji ya maganda haina mnunuzi. Maganda yaliyofungwa ndani ya sashe yanaoza bila hewa na kunuka. Majivu yenye kaa hai yanayeyusha ndoo ya plastiki, na yakifika jalalani yanawasha moto unaofuka siku tatu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mkaaji haidai pesa. Ni vyombo vitatu kwenye parseli (kiwanja cha nyumba): ndoo yenye kifuniko kwa vitu vya kuoza, debe la chuma kwa majivu na mchanga, na gunia kwa vikavu kama chupa, makopo na plastiki. Debe la majivu lilale nje usiku mzima kabla ya kumwagwa. Betri za tochi zikae peke yake katika chupa yenye kizibo, zisifike kwenye bustani kamwe. Penye wapangaji wengi, jina la mtu wa zamu liandikwe ukutani kila Jumatatu, kwa sababu chombo kisicho na mwenyewe huwa kimekwisha kuchanganywa kabla ya Jumatano. Hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linaloua mpango huu kuliko ukosefu wa vyombo.

Sasa mboji, na hapa tunaomba uvumilivu wako kidogo, maana wengi hujaribu mara moja, wakashindwa, wakasema haifai.

Lundo linataka mita 1 kwa mita 1, na kimo cha mita 1. Wenye parseli ndogo hulipunguza, na hapo ndipo linapofia: lundo la nusu mita hupoteza joto lake lote usiku, na baridi ya Juni na Julai hapa Lubumbashi hakuna asiyeijua. Afadhali parseli tatu zichangie lundo moja. Chini panatandazwa mabua ya mahindi na vijiti, kimo cha sentimita 20, ili hewa ipite. Juu yake, kwa kila ndoo moja ya vibichi, yaani maganda, majani ya mboga na mavi ya kuku, ziwekwe ndoo mbili za vikavu: nyasi, majani ya miembe yaliyoanguka, magunzi yaliyopondwa. Vibichi vifunikwe na vikavu siku hiyo hiyo, kabla inzi hawajataga. Mabaki ya bukari (ugali), samaki na nyama yasiingie. Hayo yanaita panya na mbwa, na jirani atalalamika kwa haki.

Maji yanapimwa kwa mkono. Chukua konzi moja kutoka katikati ya lundo, kamua. Yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Kisipotoka kitu na konzi ikavunjika kama makapi, lundo lina kiu. Wakati wa kipwa, bidoni (dumu) ya lita 20 kwa wiki huwa inahitajika, na maji yaliyooshea mboga yanafaa mradi hayana sabuni.

Likipangwa hivyo, katika siku tano hivi joto la ndani hufika kati ya digrii 55 na 65. Ndilo joto linaloua mbegu za magugu na funza wa inzi. Kipimajoto si lazima. Chomeka nondo hadi katikati, iache dakika 10, ichomoe, shika ile ncha. Ikikulazimisha kuiachia, lundo linafanya kazi. Ikiwa vuguvugu, vibichi ni vichache. Ikiwa baridi, lundo ni kavu au ni dogo. Pua nayo inasaidia: harufu kali inayochoma macho ni dalili ya mavi ya kuku au majivu yaliyozidi, harufu ya yai bovu ni maji mengi na hewa kidogo, na dawa yake ni kupindua lundo lote na kuchanganya mabua makavu.

Lipinduliwe baada ya wiki mbili, kisha mara mbili tena kila baada ya wiki mbili au tatu, kilichokuwa nje kiingie ndani. Miezi mitatu hadi minne, mboji inaiva: nyeusi, ya kumung'unyika, inanuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Lundo la leo litakuwa tayari kati ya Septemba na Oktoba mwanzoni. Lile la Agosti litakutwa na mvua likiwa bichi, na mboji mbichi inanyang'anya mimea chakula, lengalenga inakuwa njano, mama analaumu mbegu. Kipimo cha bustani ni ndoo moja ya lita 10 kwa mita 1 ya mraba, ikichanganywa na udongo wa juu.

Majivu tuliyoyatenga yana kazi yake. Udongo wetu mwekundu una asidi, na majivu ya makala hupunguza asidi hiyo. Konzi tatu nne kwa mita ya mraba, mara moja kwa msimu, zinatosha. Anayemwaga debe zima anaharibu.

Mheshimiwa Burgumesta, kuna jambo ambalo mboji peke yake hailiwezi, na tusingekuwa wakweli tukilinyamazia. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tanuri lake likaanza kuyeyusha mwaka 1911. Upepo wa hapa, sehemu kubwa ya mwaka, hutoka kusini-mashariki, ukabeba moshi kuelekea kaskazini-magharibi, upande wa kartie Gécamines na Penga Penga, ambako kuna mahali hata nyasi zimekataa kuota. Shaba, kobalti, risasi, zinki na kadimiamu hazionekani kwa macho, hazinuki, wala haziozi. Mboji ikitengenezwa na majani yenye vumbi la madini, vumbi hilo linabaki ndani yake.

Kwa hiyo anayelima karibu na kiwanda, kando ya barabara ya malori ya madini au ukingoni mwa mto uliopita viwandani, asilime mboga za majani moja kwa moja ardhini. Majani kama lengalenga na matembele hukusanya madini kuliko matunda kama nyanya na bamia. Ajenge tuta la juu: magunia yatandazwe chini, kisha sentimita 30 za udongo ulioletwa kutoka mahali safi, uliochanganywa na mboji. Chokaa nayo inasaidia, kama gramu 200 kwa mita ya mraba, kwa sababu asidi ikipungua madini hushikamana na udongo na mizizi haiyapati kirahisi. Hayatoki, yamefungwa tu, kwa hiyo chokaa inarudiwa. Na mboga zote zioshwe kwa maji matatu, maana nyingine haikunywa madini, imebeba vumbi tu. Maji machafu ya mto hayafai kunyweshea tuta hilo, la sivyo tumejenga kazi bure.

Kuhusu makala tutasema kwa kifupi, kwa kuwa kila mtu hapa anajua bei ya gunia. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za mti mkavu huzaa kilo 10 hadi 20 tu za makala. Kila gunia linaloingia mjini limeacha nyuma kipande cha msitu wa miombo kilichokatwa. Umeme unapokatika hakuna wa kumlaumu mama anayewasha mbabula, ila mbabula yenyewe inaweza kula kidogo. Ile ya bati tupu inapasha hewa ya uani kupitia mbavu zake. Ikiwekewa ndani ukuta wa udongo, kichuguu vipimo vitatu kwa mchanga laini kipimo kimoja, unene wa sentimita 3, moto unabaki chini ya sufuria. Kosa la kawaida ni kuianika juani ili ikauke upesi. Inapasuka. Ikae kivulini wiki mbili, na moto wake wa kwanza uwe mdogo. Maharage yakilowekwa usiku mmoja na sufuria ikafunikwa, kipimo cha makala kinapungua hata kabla ya kubadili mbabula.

Vumbi la chini ya gunia nalo lisitupwe. Kilo 10 za vumbi lililochekechwa, na uji wa unga wa muhogo gramu 600 hivi, zinafinyangwa mabonge na kuanikwa siku nne tano za jua la kipwa. Wanaotumia udongo mwingi badala ya muhogo wanapata mabonge magumu yasiyowaka.

Na tabia moja iishe: kuwasha makala kwa sashe. Inawashwa, inadondosha matone meusi ya moto juu ya makala, na mtoto aliyeinama kupuliza anavuta moshi huo wote. Gunzi kavu lililopasuliwa vipande linawasha vilevile. Wala mbabula isiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya baridi, hata ikiwa haina moshi tena, maana hewa yake inaua waliolala.

Sashe zenyewe zina sheria. Dekrea (amri ya serikali) namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Sokoni zimejaa. Hatukusimama hapa kuomba wauzaji wadogo wakamatwe, kwani mama wa nyanya hakuziingiza nchini. Mteja akija na kikapu au mfuko wa kitambaa, mama huyo atafurahi, anaokoa gharama yake.

Sasa salongo, kazi yetu ya pamoja ya usafi, Mheshimiwa. Vijana wanazibua mfereji kwa nguvu, wanarundika tope ukingoni, wanaenda kuoga. Mvua ya kwanza inalirudisha tope lote mahali pake. Kazi ianze upande wa chini ambako maji yanatokea, ipande kuelekea juu, na kila beleshi tatu ziwe na toroli moja ya kuondoa tope siku hiyo hiyo. Salongo bila toroli ni mazoezi ya viungo.

Mkaaji anayetaka kujiunga ana mlango unaomfaa. Mwenye parseli aanze na vyombo vitatu. Kijana mwenye toroli akusanye vikavu na kuviuza, hasa chupa na makopo, vikiwa safi. Mama wa soko atenge majani yake kabla ya kufagia, kwani taka za mboga zisizoguswa na sashe ndizo malighafi bora ya mboji katika mji mzima. Wanafunzi wapewe nondo na daftari, wapime lundo la shule kila Ijumaa.

Maombi yetu ni haya. Kwanza, komini itupatie ndani ya soko, au karibu nalo, kiwanja cha mita 10 kwa 10 kwa ajili ya mboji, kwa barua yenye muhuri, tusije tukaondolewa lundo likiwa nusu. Pili, gari la taka lipangiwe siku moja inayojulikana kwa kila avenyu, kwa maana mtu asiyejua siku ya gari anatupa mferejini usiku. Tatu, toroli sita na mabeleshi kwa ajili ya salongo, yatunzwe kwa shefu wa kartie kwa daftari la kuazima. Nne, komini iandikie Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kuomba udongo wa bustani za komini upimwe, hasa zile zinazolisha soko, na majibu yabandikwe mahali ambapo mkulima anaweza kuyasoma. Hili la nne ndilo zito. Likikubaliwa peke yake leo, hatutanung'unika kwa mengine.

Mheshimiwa Burgumesta, nyuma ya darasa lile kuna lundo lililopangwa wiki iliyopita, na nondo imechomekwa ndani tangu sherehe ilipoanza. Kabla ya kuketi mezani, tunaomba uichomoe wewe mwenyewe, mbele ya wanafunzi. Kitambaa kipo, ikiwa itakuunguza.

Tunaomba kuwasilisha.