Shangazi, nimwombe mume wangu aache mieleka au niendelee kunyamaza?

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka jimbo la Ohio, Marekani, ambako mimi na mume wangu tuliletwa mwaka 2016 tukiwa na mtoto mmoja mchanga, baada ya kuishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Sote wawili ni Wabembe wa Fizi, Kongo, lakini Kiswahili tulichokulia ni cha kambini na cha majirani zetu wa Kasulu, ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe kuliko mshauri wa huku, ambaye ningelazimika kwanza kumweleza sisi ni nani ndipo nifike kwenye shida yenyewe.

Mume wangu ni mwanamieleka. Siku tano za juma hupakia mizigo ghalani kwa zamu ya usiku, na Jumamosi huendesha gari mwendo wa saa nne au tano kwenda kupigana kwenye ukumbi wa shule au jengo la maonyesho ya wakulima, mbele ya watu mia moja au mia mbili. Alikuwa akilipwa dola 40, na sasa hulipwa dola 60, pamoja na kidogo anachopata kwa kuuza fulana zenye picha yake. Petroli peke yake huimaliza bahasha hiyo. Ninalitaja hili mapema kwa sababu ndugu zetu waliobaki nyumbani wakiziona picha zake huamini kwamba tumetajirika, na tumekwisha kuombwa ada za shule na mabati ya nyumba kwa ajili ya mieleka hiyo hiyo.

Kila anayesikia kazi yake huniuliza kama si maigizo. Ni kweli kwamba mshindi hupangwa mapema, na wapiganaji hukaa pamoja chumbani wakielewana jinsi pambano litakavyokwenda. Lakini sakafu ya ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikafunikwa kwa godoro jembamba na turubai, na mgongo unaoiangukia mara kumi au kumi na tano kwa usiku mmoja haujui kwamba mshindi alipangwa. Kofi la kifuani ni kofi. Jumapili alfajiri mume wangu anapoketi kwenye kiti cha jikoni ili nimbandue plasta alizozungushia viganja, mimi huona alama za vidole vitano vya mwenzake kifuani pake, na mgongoni michirizi myekundu ya zile kamba ambazo mtazamaji hudhani ni laini. Humwekea begani mfuko wa njegere zilizoganda. Watoto wakiamka humkuta ameshavaa shati la mikono mirefu, tayari kwa ibada.

Naomba usidhani kwamba naidharau kazi yake. Tangu utotoni alikuwa akienda kwenye banda la video kule kambini kutazama mieleka ya Marekani, na wazee walimsimulia habari za mieleka ya Kinshasa, ambako wapiganaji huingia ulingoni na hirizi na kufanyiana uganga mbele ya watu. Alipoanza mazoezi huku, miaka minne iliyopita, kwa mara ya kwanza tangu tufike nilimwona akicheka akiwa peke yake. Niliwahi kumsindikiza mara mbili. Kule nyuma ya pazia kuna adabu ambayo sikuitarajia: kila anayeingia, awe bingwa au mgeni, humpa mkono kila mtu aliyemo chumbani, na mdogo huwabebea wakubwa mabegi. Hata ulingoni, yule anayemwinua mwenzake ili ambwage ndiye anayebeba dhamana ya shingo yake. Mume wangu anaijua dhamana hiyo na anaitimiza, na hilo ninamheshimu.

Mambo mawili ndiyo yamenifanya nishike kalamu.

La kwanza ni kichwa chake. Mwezi wa tatu aliruka kutoka juu ya nguzo ya pembeni, mwenzake akachelewa kumdaka, akaangukia kisogo. Alirudishwa nyumbani na rafiki kwa sababu hakuweza kuendesha. Siku iliyofuata aliniuliza mara tatu kama tumelipa kodi ya nyumba, akashindwa kuvumilia mwanga wa dirisha, na jioni akamwita binti yetu Neema kwa jina la dada yake aliyefariki kambini. Nilimsihi twende hospitali akakataa, kwa hofu kwamba daktari akiandika chanzo cha maumivu, bima ya kazini haitalipa na msimamizi wake ghalani atajua. Promota anayempangia mapambano alishamtilisha saini fomu inayosema kwamba lolote likimpata ni juu yake mwenyewe. Ukumbini hakuna daktari, kuna kijana mmoja tu mwenye sanduku la huduma ya kwanza. Baada ya wiki mbili alirudi ulingoni.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na wanapolala mimi husoma. Nimesoma kwamba hata katika kampuni kubwa ya mieleka ya WWE, wanamieleka huhesabiwa kuwa wakandarasi wanaojitegemea na si waajiriwa, hivyo bima ya afya ya familia ni juu yao. Nimesoma habari za mwanamieleka Eddie Guerrero, aliyekutwa amefariki katika hoteli mjini Minneapolis mwaka 2005, moyo ukiwa umemchoka akiwa na miaka 38. Nimesoma habari za mwanamieleka mwingine, Owen Hart, aliyekuwa akishushwa kwa kamba kutoka darini katika ukumbi wa Kansas City tarehe 23 Mei 1999, akaanguka na kufa, na onyesho likaendelea usiku uleule. Mkewe, Martha, aliachwa na watoto wawili wadogo. Yeye aliishitaki kampuni, na mwaka uliofuata akalipwa dola milioni 18 ili kesi imalizwe; mimi, kwa ile fomu yenye saini, sijui hata ningeanzia mlango gani.

Iko habari nyingine ambayo niliisoma nikaifunga simu. Mwaka 2007 mwanamieleka Chris Benoit alimuua mkewe na mtoto wao wa miaka saba, kisha akajiua. Madaktari waliouchunguza ubongo wake walisema uliharibika hata ukafanana na wa mzee wa miaka 85 mwenye maradhi ya kusahau. Sisemi kwamba mapigo ya kichwa peke yake ndiyo yaliyofanya yale, wala simfananishi mume wangu na mtu huyo, kwa maana hajawahi kuniinulia mkono. Lakini tangu siku ile alipomwita Neema kwa jina la marehemu, kila anaponyamaza kwa muda mrefu mezani mimi huacha kula nikamtazama.

Jambo la pili ni la aibu zaidi, na sijalisema kwa mtu yeyote kanisani. Mwaka jana promota alimwambia kwamba watazamaji hawamkumbuki, na kwamba akitaka kupanda daraja inambidi awe mtu wa msituni: avae ngozi, apakwe rangi usoni, aingie na mkuki, na asizungumze ila kuguna. Mume wangu anazungumza Kibembe, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Alikubali. Sasa jina lake linaandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango, na malipo yamepanda kutoka dola 40 hadi hizo 60. Mwezi uliopita mtoto mmoja shuleni alimwonyesha Neema video. Aliporudi hakulia. Alimfuata baba yake sebuleni akamuuliza: "Baba, kwa nini pale husemi?" Baba yake alimpakata, akamwambia ni mchezo tu, kisha akaenda kusimama nje kwenye baridi bila koti.

Shangazi, kati ya wote niliosoma habari zao yupo mmoja ninayemfikiria kila siku. Mwanamieleka James Harris alizaliwa Mississippi, huku huku Marekani, mwaka 1950, na mwaka 1982 mjini Memphis akapewa jina la Kamala, jitu la Uganda. Uganda haikuwa kwao. Alipakwa nyota na mwezi, akapewa mkuki na kinyago, akapiga mieleka miguu mitupu, na watu wakaambiwa kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Yeye pia alitakiwa asizungumze. Mwaka 1992 alipambana na mwanamieleka mwenzake The Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu wapatao 80,000. Alipoacha mieleka aliendesha malori, kisha kisukari kikamfanya akatwe mguu mmoja mwaka 2011 na wa pili mwaka 2012, mashabiki wakachangishana kumsaidia, na mwaka 2020 akafariki. Nilipomwonyesha mume wangu picha ya mzee huyo akiwa kwenye kiti cha magurudumu, aliitazama kwa muda mrefu, akasema tu kwamba anamfahamu, kwamba kila mwanamieleka anamfahamu.

Nikijaribu kuzungumza naye hunijibu kwa mfano wa Diamond Dallas Page, aliyeanza kupigana akiwa na miaka 35, umri ambao wengine wanastaafu, akafika kuwa bingwa wa dunia wa kampuni yake, na baadaye akawachukua wenzake Jake Roberts na Scott Hall nyumbani kwake Atlanta ili wapone ulevi. Ni habari njema na ninaikubali. Ila mimi nikiisikia husikia pia kwamba wanaume wawili waliojulikana dunia nzima walifikia mahali ambapo mkono wa kuwainua ulikuwa wa rafiki, baada ya wote waliotajirika kwa jasho lao kuondoka.

Juma lililopita nilimwambia wazi kwamba naogopa. Alikuwa akifunga kamba za viatu vya kazini. Akasema: "Mama Neema, ghalani mimi ni namba iliyobandikwa kwenye fulana. Kule wananiita jina." Nikamuuliza: "Jina lipi?" Sikukusudia kumuumiza, lakini niliona uso wake ukibadilika. Alikwenda kazini bila kunijibu, na tangu siku hiyo tunazungumza habari za watoto na za bili tu.

Sasa mwezi ujao, Jumamosi ya pili, amepangiwa pambano la ngazi na meza, ambalo atatakiwa kuanguka kutoka juu ya ngazi hadi kwenye meza ya mbao. Promota amemwahidi kwamba atakuja mtu wa kampuni kubwa kumtazama. Ahadi kama hiyo nimeisikia mara tatu katika miaka minne. Mama mkwe wangu, ambaye bado yuko Nyarugusu, anajua mwanawe anapiga mieleka, lakini ameambiwa kwamba hakuna anayeumia. Nikimpigia simu nikamweleza habari ya mwezi wa tatu, atamkataza, na mume wangu hajawahi kuvunja neno la mama yake. Lakini atajua ni mimi niliyesema, na sidhani kama atanisamehe kwa kumwondolea, kupitia mlango wa nyuma, kitu alichokitafuta tangu utotoni.

Naomba basi ushauri wako. Je, ni haki yangu kama mke kumtaka aache kabisa, au nimwombe mambo mawili tu, aonane na daktari wa kichwa kabla ya pambano hilo, na amwambie promota kwamba kuanzia sasa ataingia ulingoni kwa jina lake na lugha zake, hata kama watamrudisha kwenye dola 40? Akikataa yote mawili, je, nimpigie mama mkwe? Na Neema nimwambie nini? Ameniuliza kama anaweza kwenda kumtazama baba yake siku hiyo, na nimemwahidi jibu kabla ya mwezi huu kuisha.

Wako mtiifu,

Mama Neema, Ohio