Wadogo nao wawemo katika viwango vya mvinyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna kampuni zinavyochagua washirika zinapoandaa viwango vya pamoja, jambo linalotugusa sana sisi wa zao la zabibu. Mwaka 1998 Ericsson na Nokia, wapinzani wakubwa katika biashara ya simu, ziliungana na Intel, IBM na Toshiba kuasisi kikundi cha kiwango cha Bluetooth, kwa kuwa simu na kompyuta zisingeweza kuwasiliana endapo kila upande ungejipangia peke yake.

Kwenye viwango vya mvinyo nako kila upande unamhitaji mwenzake: mkulima wa Hombolo, anayeujua utamu wa zabibu kabla hazijakatwa mzabibuni, na msindikaji mdogo mwenye tangi moja tu, wana ujuzi ambao kiwanda kikubwa hakina. Nashauri kampuni zinapoandaa mapendekezo ya kupeleka Shirika la Viwango Tanzania ziwashirikishe hao tangu rasimu ya kwanza, na zichangie nauli zao.

Mkulima wa zabibu,
Dodoma