Harambee ya Kisauni: tuhesabu gharama ya rumande, nyumba kwa nyumba

Kwa majirani zetu na wana wa Kisauni popote mlipo: assalamu aleikum, na Bwana asifiwe.

Tunawaomba mchango wa shilingi 640,000. Safari hii hatujengi darasa wala hatuchimbi kisima, na ndiyo maana waraka huu ni mrefu kuliko wito wetu wa kawaida. Tunataka kufanya utafiti. Vijana na kina mama kumi na wawili wa mitaa yetu wenyewe, kutoka Mtopanga, Mwandoni, Barsheba, Mlaleo, Mshomoroni na Bamburi, watapita nyumba kwa nyumba. Watakaa na familia zilizowahi kuwa na mtu rumande, au zilizofungiwa mtu kwa kosa dogo, na kuandika kila shilingi iliyotoka na kila shilingi iliyokosa kuingia.

Mama mmoja wa Mtopanga ameturuhusu tueleze yaliyomfika bila kumtaja jina. Mumewe alikuwa akiendesha bodaboda. Usiku mmoja, baada ya vijana wa mapanga kuvamia watu mtaa wa jirani, kulikuwa na msako, na yeye akazolewa maskani pamoja na wenzake waliokuwa wakinywa kahawa. Alishtakiwa kwa kuleta fujo. Dhamana ikawa shilingi elfu kumi taslimu, na nyumbani hapakuwa hata na elfu mbili. Pikipiki ilikuwa ya mkopo wa kulipwa kila siku. Wiki ya pili mwenyewe akaja kuichukua, na yote yaliyokwisha kulipwa yakaenda nayo. Mama akauza friji aliyokuwa akiuzia barafu na maji baridi, na biashara yake ikaishia hapo. Siku za kumtembelea mumewe alitoka alfajiri na sabuni, dawa ya meno na ndara, akapanga foleni, akarudi jua la utosi; siku hizo hakukaanga viazi jioni. Kesi ikatajwa, ikasongezwa, ikatajwa tena, mashahidi hawakufika, mwishowe ikatupwa. Mume yuko huru na hana hatia yoyote. Deni la chama mama bado analilipa.

Daftari la mahakama lina tarehe ya kesi ile, kosa na kiwango cha dhamana. Friji haimo. Pikipiki haimo. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo muhula ule hamo. Sera inapopangwa Nairobi kuhusu nani akamatwe, nani awekwe ndani na kwa masharti gani, wanaoipanga wanajua bajeti ya magereza na hesabu ya mahabusu, lakini hasara ya nyumba ile hakuna anayewapelekea. Tunataka tuipeleke sisi.

Kwenye mkutano wetu mzee mmoja wa msikiti aliuliza swali ambalo wengi wenu mtaliuliza: fedha zote hizi, si afadhali tukawalipia watu faini wakatoka? Swali lake ni la haki. Faini tumezilipa, na mfuko ule mdogo wa faini utaendelea, hatutaugusa. Ila kila Jumatatu kizimbani wanasimama wengine, kwa makosa yale yale, na mfuko ukikauka hatuna la kusema zaidi ya kuomba tena. Tunaamini kwamba kinachojaza rumande ni mazoea ya ukamataji na masharti ya dhamana, na mazoea hayo hayaguswi na faini moja moja tunazolipa.

Sheria yenyewe imetuunga mkono zaidi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa masharti ya kadiri hadi kesi yake iamuliwe, isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia. Kifungu hicho hicho kinasema kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, mtu asiwekwe rumande kwa ajili yake. Mwaka 2015 ukatoka mwongozo wa sera ya dhamana, wakati Jaji Mkuu akiwa Willy Mutunga, ili mahakimu wawe na kipimo kimoja. Maneno ni mazuri. Kati ya maneno hayo na mlango wa seli kuna umaskini, na hapa Pwani kuna jambo jingine linalotuuma zaidi: ardhi.

Tuseme wazi. Mtu akipewa bondi, yaani kuachiliwa kwa ahadi ya mdhamini badala ya fedha taslimu, mdhamini wake kwa kawaida hutakiwa kuonyesha mali: hati ya shamba, lojibuku ya gari, au payslip. Ni wangapi kati yetu wana hati? Mombasa tuna maelfu ya nyumba zilizojengwa kwa jasho la wenyewe juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Nyumba ni yako, umeezeka mabati na kuvuta umeme, lakini ardhi unailipia kodi kwa mwenyewe, na hati iko kabatini kwake. Kilifi na Kwale kuna familia zinazoitwa maskwota kwenye mashamba yaliyolimwa na babu zao. Chanzo kimojawapo ni sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ya utawala wa Waingereza, iliyotaka madai yaandikishwe hapa ukanda wa Pwani; wengi ambao hawakuandikisha ardhi yao wakaikosa. Sasa mjukuu wa mtu yule anasimama mahakamani leo, anaambiwa alete hati. Dhuluma ya zaidi ya miaka 100 inamrudisha rumande kijana aliyekamatwa juzi kwa kuuza tembo la mnazi bila leseni. Hatujaona utafiti uliohesabu ni mahabusu wangapi wa Pwani wako ndani kwa kukosa hati peke yake. Swali hilo liko ukurasa wa kwanza wa hojaji yetu.

Faini nazo zina ngazi zake. Kanuni ya Adhabu, sheria iliyoanza mwaka 1930, inasema asiyelipa faini iliyozidi shilingi 2,500 lakini isiyopita 15,000 anaweza kufungwa hadi miezi 3. Ukipigwa faini ya shilingi 3,000 na mwenzako akapigwa hiyo hiyo, yeye akiwa nazo mfukoni anakwenda nyumbani kula chakula cha mchana. Wewe unaweza kuikosa Ramadhani au Krismasi na watoto wako. Kosa ni lile lile.

Haya si manung'uniko ya Kisauni tu. Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki lilifanya ukaguzi wa mfumo mzima wa haki ya jinai nchini na kuutoa mwanzoni mwa mwaka 2017. Ukaguzi ule ulionyesha kwamba sehemu kubwa kabisa ya kesi ni za makosa madogo, kama ulevi, kuleta fujo na biashara bila leseni, na kwamba maskini ndiye anayekamatwa, kushtakiwa na kufungwa zaidi ya tajiri. Mwaka mmoja kabla yake, watafiti Lukas Muntingh na Jean Redpath wa Taasisi ya Dullah Omar, Chuo Kikuu cha Western Cape, walikuwa wametoa utafiti kuhusu Kenya, Msumbiji na Zambia. Waliwahoji mahabusu pamoja na watu wanaokuja kuwatembelea, wakaonyesha kwamba mzigo wa rumande huangukia nyumba nzima: kipato kinakatika huku nauli na matumizi ya gerezani yakiongezeka. Tumeusoma utafiti ule kwa makini na mpango wetu umejifunza kwao, hasa hatua ya kumwuliza anayetembelea badala ya kumwuliza aliye ndani peke yake.

Upo na utafiti wa Marekani tulioelezwa na mwalimu wa chuo anayetusaidia. Will Dobbie, Jacob Goldin na Crystal Yang, mwaka 2018, walichukua kesi za Philadelphia na Miami na kutazama jambo la bahati: mshtakiwa mmoja huangukia hakimu mwepesi wa kuachilia, mwingine mwenye kesi kama yake huangukia hakimu mkali. Walioachiliwa walihukumiwa kuwa na hatia kwa uchache zaidi, hasa kwa sababu hawakuharakisha kukiri, na baadaye walipata kazi rasmi kuliko waliobaki ndani. Sisi hatuna takwimu za kufanya hesabu ya namna ile, na hatudai kuziweza. Lakini hilo la kukiri tunalijua vizuri. Ndani ya seli ushauri ni mmoja: kubali yaishe, urudi kwa watoto. Mtu anakubali, analipa au anafagia, anatoka. Miezi michache baadaye anaomba kazi ya ulinzi, au anapata nafasi ya udereva Doha, anaambiwa alete cheti cha polisi cha tabia njema, na lile neno alilolisema ili yaishe linamfunga tena. Ndugu zetu mlioko Muscat, Dubai na Doha mnajua cheti kile kina uzito gani. Mnajua pia ni mara ngapi mmepigiwa simu usiku mtume pesa za dhamana. Tungependa simu zile nazo tuzihesabu.

Kuna jambo lazima tuliseme kwa sababu tunaishi hapa. Hatutetei wanaokata watu mapanga. Wapo miongoni mwetu waliozika jamaa zao, wapo wenye makovu, na wapo wenye maduka waliofunga saa kumi na mbili jioni kwa miezi kwa hofu. Mtu hatari akizuiliwa, tunashukuru. Ndiyo maana hojaji itauliza pia hasara waliyopata waliovamiwa na kuibiwa, kwa uzito ule ule. Tunachokiona kwa macho ni kwamba msako unapozoa kila aliyeketi nje, mwenye panga mara nyingi amekwisha kimbia, na anayebaki kwenye karandinga ni muuza viazi. Tukileta hesabu za pande zote mbili, hakuna atakayeweza kusema tumeegemea upande mmoja.

Matokeo yatakwenda wapi? Kila kituo cha mahakama kina Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, wanamokaa hakimu, mwendesha mashtaka, polisi, magereza, maafisa wa probesheni na wawakilishi wa jamii. Kamati zile hukutana na husikiliza, ila anayekuja na malalamiko matupu hujibiwa kwa upole na mkutano ukaendelea. Tunataka tuingie na jedwali. Tutaomba mambo mawili. La kwanza, barua ya wazee wa mtaa na watu wawili wa kuaminika ikubalike kwa wingi zaidi mahali pa hati ya ardhi kwa makosa madogo. La pili, Sheria ya Amri za Huduma ya Jamii ya 1998 itumike kama ilivyokusudiwa, mtu asafishe zahanati au apande mikoko huku akilala kwake na kutafuta riziki yake. Nakala itakwenda pia kwa wawakilishi wadi, kwa sababu leseni za wachuuzi na za pombe ziko mikononi mwa kaunti. Na tutakumbusha maoni ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, ya tarehe 4 Desemba 2020, kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta.

Kuhusu fedha: shilingi 240,000 ni posho ya wahoji kumi na wawili kwa siku 20 za kazi, elfu moja kwa siku. Mafunzo yao, pamoja na msaidizi wa kisheria na mtafiti wa kuwafundisha namna ya kuuliza bila kumtonesha mtu kidonda, ni 96,000. Mtu wa takwimu wa kupanga na kuchambua majibu ni 120,000. Tulijaribu kupunguza hapo tukaona ndipo utafiti wa kijamii huharibika. Kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu na ukaguzi wa maadili ni 40,000. Uchapishaji na bando za simu ni 44,000, mikutano ya kurudisha matokeo kwa mitaa sita yenyewe ni 60,000, na 40,000 ni akiba ya dharura. Wanachama tumekwisha changa 118,000. Zimebaki 522,000.

Majina ya familia hayataandikwa popote. Kila nyumba itapewa namba, kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hakuna atakayelazimishwa kujibu.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa nane mchana, kwenye ukumbi wetu wa kawaida. Kina mama watapika pilau. Hatutakuwa na mgeni rasmi wala hotuba za siasa. Mwenye cheo anakaribishwa kuchanga kama jirani. Asiye na fedha na anayo laptopu ya zamani, au saa mbili za kusoma hojaji zilizojazwa, aje ajiandikishe kwa katibu. Namba ya Paybill imetumwa kwenye makundi ya mitaa na iko kwa mweka hazina; mlio ng'ambo ombeni jamaa zenu wawatumie. Orodha ya michango na matumizi itabandikwa ukumbini kila Ijumaa na kusomwa kanisani Jumapili, hadi shilingi ya mwisho ihesabiwe.