Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Malindi

Wazee wetu, mama zetu na vijana wa chama chetu cha wachongaji na wachoraji, salaam.

Mwaka huu tumegombana sana, na chanzo mnakijua: ile mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Wakongwe wanahofia riziki yao. Vijana wanaona wanacheleweshwa.

Lakini sayansi haikuanza kuingia bandani mwetu na mashine hiyo. Muhugu, mti tuliozoea kuchonga, ulipoadimika, wachongaji wa Malindi walihamia mwarobaini, nao ukawatesa kwa kupasuka. Patasi haikuwa na dawa ya hilo. Walisaidiwa na watu waliojua kupima maji yaliyobaki ndani ya mti na kuukausha taratibu kwenye tanuri, ili kinyago kisipasuke kikifika nchi zenye hewa kavu. Leo hakuna anayelalamikia tanuri.

Halafu kuna Ngomeni, hapo jirani. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea uhuru wake, jukwaa la kurushia roketi la San Marco lilirusha kutoka baharini setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuchora habari hiyo? Tunachora majahazi. Yanauzika, sikatai.

Mfano ninaoupenda ni wa New York, Oktoba 1966. Wasanii 10 na wahandisi wapatao 30, wengi wao wa Bell Laboratories, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, waliandaa maonyesho ya usiku tisa. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo mhandisi Billy Klüver na msanii Robert Rauschenberg. Mitambo iligoma mara nyingine, ila mhandisi na msanii walikaa pamoja tangu wazo likiwa changa. Lakini sisi, watafiti hutuita kazi yao ikiwa imekwisha, tuwachoree bango tu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mambo mawili. Mashine itumike kukata umbo la awali tu, na mnunuzi aambiwe wazi kilichofanywa na mashine na kilichofanywa na mkono. Pili, mradi wowote wa utafiti unaotutaka utuite tangu mwanzo, kwa malipo yaliyoandikwa. Hili la pili kwangu ndilo zito.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Kodi ya banda tumelipa. Deni la umeme bado. Asiyelipa ada ya mwaka hatapiga kura leo, hata akiwa shemeji yangu.