Dada, lile kufuli nalikagua mpaka leo

Dada yangu, voisi yako nimeisikiliza mara nne, na kabla hujacheka, ya nne ilikuwa kuhakikisha kweli ni wewe unayeniomba ushauri. Eti mtoto anatawadha mpaka ndoo inaisha, halafu anaanza upya maana mguu wa kushoto hana uhakika nao.

Pole mama. Usimfokee mbele za watu, akiona aibu ndo anarudia zaidi. Kumsomea sikatazi, lakini na kliniki ya akili mpeleke, mbona hata mashehe wanasema mwenye wasiwasi asiufuate, na daktari wangu alisema hivyohivyo: funga kufuli mara moja, tamka "nimefunga", ondoka hata kama mikono inatetemeka, wasiwasi utapanda halafu utashuka wenyewe. Mimi nilijitia ujanja nikawa napiga picha kufuli kwa simu, kumbe ndo nimejiongezea, nikawa nasimama Kimara kituoni navuta picha iwe kubwa nione kama kile chuma kimeingia. Nimefuta picha zaidi ya mia tatu. Siku hizi nikipanda mwendokasi nataja vituo kimoyomoyo, Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo, nikifika Ubungo nshatulia. Siku nyingine nashuka Kibo narudi.

Ila dada una moyo wewe. Kwenye kicheni pati yangu, wenzio wanatoa nasaha za ndoa, we ukashika maiki ukasema shemeji akiniona narudi mlangoni mara saba asidhani nimesahau pochi, "huyu hospitali ya vichaa Mirembe wanamsubiri". Ukumbi mzima kicheko, MC akarudia, akaomba na makofi! Mimi niko kwenye lile kochi la maua nahesabu miguu ya viti. Mama mkwe hakucheka, alikuwa anaangalia vidole vyangu. Na sio mara saba, ni tatu.

Ndo maana arobaini ya mkweo sikuonekana. Mkasema nina kiburi. Nilivaa, nikafika mpaka stendi, nikawaza wewe na wale mashoga zako mtaniuliza kufuli hajambo, nikarudi. Sasa nani mwenye kosa hapo?

Mlete mtoto Jumamosi. Atatawadha kwa birika dogo, maji yakiisha yameisha. Na wewe ingia unywe chai, siwezi kukuacha getini. Ila ukiaga ukanisikia nafungua tena mlango nyuma yako, we shuka ngazi tu.