Goti linauma ukishuka ngazi? Usikimbilie kulipumzisha

Wengi wanaokuja kwetu kliniki ya fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) na shida ya goti wala hawajaanguka popote, ni watu wa mazoezi tu, anakimbia, anacheza mpira wikiendi, jimu haikosi, halafu siku moja anashuka ngazi anasikia kitu kinachoma mbele, pale kwenye pia ya goti. Kupanda afadhali, kushuka ndo balaa. Na akikaa muda mrefu kakunja miguu, akija kunyanyuka goti limekaza.

Basi anaacha kila kitu. Anapumzika wiki 3, maumivu yanaisha, anarudi kukimbia kilomita zilezile alizoachia, siku mbili tatu tu goti linamkumbusha. Sababu ni kwamba muda wote huo msuli wa paja nao ulikuwa umelala ukazidi kuishiwa nguvu, na goti linautegemea huo huo. Mzigo uleule, mbebaji kachoka, unategemea nini?

Kwahiyo sisi hatuanzi na mashine wala kukukanda. Tunakupandisha kwenye kistuli kifupi, mguu mmoja, tunakwambia shuka taratibu mpaka kisigino cha mguu mwingine kiguse chini. Hapo ndo utaona goti linaingia kwa ndani linatetemeka, nyonga ya upande wa pili inadondoka, na mwenyewe anabaki anashangaa maana alijua shida iko gotini, kumbe misuli ya makalio haifanyi kazi yake.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu: skwoti za kuishia nusu, kupanda na kushuka stepu, kulala ubavu unainua mguu, mara 3 kwa wiki, uzito unaongezwa kidogo kidogo. Likiuma je? Yape maumivu maksi kati ya 0 na 10, yakiwa chini ya 3 hivi endelea, mradi kesho yake asubuhi goti limerudi kawaida. Kama bado limenuna, punguza, sijasema uache. Wakimbiaji tunawaambia wafupishe hatua na waongeze idadi yake kwa dakika, asilimia 5 hadi 10 inatosha goti kupumua.

Inachukua wiki 6 mpaka 12. Wengi wanapotea wiki ya 3 maumivu yakishapungua (hawa tunawajua, huwa wanarudi).

Kuna wanaokuja na picha ya MRI wameshaogopa, imeandikwa gegedu (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa) limelika kidogo. Tulia kwanza, watu kibao wasioumwa goti kabisa wakipigwa picha wanakutwa na hayohayo.

Ila goti likivimba ndani ya masaa machache baada ya kujipinda, au limekwama halinyooki, au huwezi kukanyagia, au limekuwa la moto na una homa, usije kwetu, nenda hospitali sikuhiyohiyo.

Wengine wote mkija vaeni kaptula, na mje na viatu vya mazoezi vilevile mnavyotumia, hata kama soli imeisha. Tena hasa kama imeisha, maana tunaangalia imelika upande gani.