Mwaliko wa Jumamosi kutoka kwa majirani zetu Watonga

Habari za jioni ndugu zangu wa West Valley City. Majirani wametualika: mtoto wao anatimiza mwaka 1, na kwa Watonga (watu wa visiwa vya Tonga, bahari ya Pasifiki) hiyo ni sherehe kubwa. Tuwe ukumbini saa 9 alasiri.

1. Mchango ni dola 10 kila kaya, mwisho Alhamisi usiku. Apokee mweka hazina.

2. Beba pia noti ndogondogo. Binti akicheza tau'olunga, ngoma yao ya asili, hupakwa mafuta, nasi tunamtuza kwa kumbandika noti mwilini, kama tunavyotuza harusini kwetu.

3. Mavazi yafunike mabega na magoti. Mtaona watu wamefunga mikeka kiunoni, ta'ovala, ambayo ni heshima. Tafadhali msicheke mkeka uliochakaa! Huenda ni wa kurithi, na huo ndio wa thamani.

4. Chakula: nguruwe hakosi. Asiyekula aniambie mapema nimwombee lū ya ng'ombe, yaani nyama na tui la nazi ndani ya majani ya magimbi, iliyookwa shimoni juu ya mawe ya moto. Mimi nitakula mbili.

Nani anakuja? Andika jina na idadi ya watu hapa kabla ya Alhamisi. Mwenye nafasi garini aseme pia.